MAMA, ULIZA MKANDA! (Sehemu ya 4)

Mama zangu na wadogo zangu wa Manyamanyama, na ninyi akina baba mnaosoma kimyakimya, leo nitawaudhi kidogo. Mnivumilie.

Kuna maneno nayasikia sana kwenye benchi la kliniki: "Hawa manesi wanatuchelewesha makusudi. Mkasi si wanao? Wauchemshe tu tuondoke." Sasa nasema wazi: nesi anayekuambia subiri chombo kitoke kwenye mashine anakujali. Anayekichovya kwenye maji ya moto ili umsifu kwa wepesi, huyo ndiye wa kumwogopa.

KUCHEMSHA SI KUTAKASA. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Sisi hatuko pwani. Ziwa letu lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Bunda iko juu ya ziwa. Ukipanda juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi; huku kwetu ni kama nyuzi 96. Ongeza kuni upendavyo, joto halipandi, maji ndiyo yanakauka.

Na mdudu wa pepopunda hajali nyuzi 96. Anakaa kwenye udongo na kinyesi cha ng'ombe, na nani hapa kwetu hana zizi jirani? Akibanwa anajifunika ganda gumu na kulala, na ndani ya ganda hilo anaweza kuvumilia maji yanayochemka. Mkasi wenye mdudu huyo ukikata kitovu, anaamka. Mtoto ananyonya vizuri siku mbili za mwanzo, halafu anaacha. Mdomo unakaza. Mwili unakakamaa. Aliyewahi kumwona mtoto huyo hasahau.

Eti "hayo ya zamani, pepopunda iliisha." Jamani! Ni kweli mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga. Lakini maana yake ni kwamba kila wilaya ina mgonjwa chini ya 1 kwa watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Mdudu mwenyewe bado yuko zizini. Tulifika hapo kwa chanjo za mama na uzazi safi. Tukilegea, anarudi.

Ndiyo maana kuna otoklevu, mashine ya kutakasa vyombo kwa mvuke. Charles Chamberland, aliyefanya kazi na Pasteur, aliitengeneza Ufaransa mwaka 1879, na kanuni yake ni ileile: mvuke unabanwa mpaka unafika nyuzi 121, unagusa kila sehemu ya chombo, kwa muda wake kamili. Chombo kilichofungwa kwenye kitambaa dakika 30, kisichofungwa dakika 20. Hesabu inaanza joto likishafika, si pale unapowasha swichi. Umeme ukikatika dakika ya 25? Tunaanza moja upya. Hapo ndipo mnaposema manesi wavivu!

Na wewe unayesema "nina presha kuka nyumbani, nitamchemshia mkunga nyembe": ina kipimo cha kukuonyesha nyuzi 121? Haina. Basi pika maharage. Uchungu ukikukuta njiani, wembe mpya ambao haujafunguliwa ni bora kuliko wembe wa zamani uliochemshwa. Kutoga masikio ya mtoto ni hivyohivyo: sindano mpya, si ile ya shangazi iliyopitishwa kwenye kibiriti.

Sasa nageukia wenzangu wa kazi. Msinune.

Mkasi wenye damu iliyoganda hautakasiki, usugue kwanza. Mashine ikishindiliwa vyombo kama gunia la mkaa, mvuke haupiti. Mkasi ukiingia umefungwa mdomo, pale katikati hapaguswi. Kwa kuwa tuko juu, usiamini mshale wa presha peke yake, soma na joto. Na ole wako ufungue mlango kabla mshale haujafika sifuri eti wodini wanaita: mvuke ule unababua uso na mikono. Ndugu wa maabara, chupa ya maji usiijaze pomoni, legeza kifuniko, iache ipoe. Vinginevyo itapasuka au itakufokea usoni. Vikopo vya makohozi na sahani za kuoteshea vijidudu visiende jalalani vibichi. Vitakaswe au vichomwe kwanza, maana jalalani ndiko watoto wetu wanaokota vya kuchezea.

Pakiti ikitoka imelowa, isitumike. Kitambaa kibichi kinafyonza vijidudu vya mikononi na mezani. Irudi ndani. Ndiyo, upya.

Najua mtaniambia: "Ukiwafundisha wagonjwa kuuliza, watatudharau." Hapana. Mama huyu sokoni anafunua matamvua ya sato kabla hajatoa hela yake, na muuzaji hasemi ametukanwa. Iweje akague samaki wa jioni moja, halafu mkasi wa kitovu cha mwanae aufumbie macho? Anayefanya kazi yake sawasawa haogopi swali.

Basi mama, siku yako ikifika, wewe au anayekusindikiza ulizeni kwa adabu: "Nesi, naomba kuona pakiti." Angalia mambo manne. Ni kavu. Haijachanika. Ina tarehe. Mkanda wake una mistari iliyogeuka myeusi. Mkanda unaonyesha tu kwamba pakiti ilipita kwenye joto. Ndani kiwepo kipande kingine cha kuonyesha kama mvuke ulifika hadi kwenye vyombo. Uliza na hicho. Ukiona havipo, omba pakiti nyingine. Hujamkosea mtu.

Na ukiambiwa "subiri, mashine haijamaliza", kaa kwenye benchi usubiri. Haraka yako ya nusu saa isije ikamgharimu mtoto wa miezi tisa.

Mtumie mwenzio mwenye mimba, hasa wale wa vijijini wanaopanga kujifungulia nyumbani. Sehemu ya 5: kitovu kikishakatwa, kwa nini majivu na kinyesi cha ng'ombe vikae mbali nacho.