Sauti ya Nyumbani Simu Zinaponyamaza



Juma lililopita tulipokea barua kutoka kwa mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa. Binti yake ameolewa na anaishi na mumewe na watoto wao katika milima ya magharibi ya North Carolina, nchini Marekani. Kakake binti huyo naye yuko huko huko, mwendo wa maili saba. Usiku wa tarehe 26 Septemba 2024 kimbunga Helene kilitua Florida, na siku ya pili mvua yake ikaishukia milima hiyo. Barabara zilikatika, umeme ukazimika, na minara mingi ya simu ikanyamaza. Mama huyu atuandikia kwamba kwa siku nne hakujua kama wanawe wako hai. Kilichomchoma zaidi, alipokuja kusimuliwa, ni kwamba hata wao kwa wao, ndugu wa tumbo moja waliotenganishwa na maili saba tu, hawakujuana hali.

Sasa mkwewe ameazimia kununua redio za mkononi, zile ambazo wazee wetu waliziita simu za upepo, na kujenga mtambo wa kuzisaidia juu ya paa la nyumba. Binti aona ni fedha za kutupa. Mama atuuliza mambo matatu. Je, vyombo hivi vina faida ya kweli au ni mchezo wa wanaume? Je, mkwe aweza kujenga mtambo huo bila kuvunja sheria ya watu? Na je, wakija likizoni wamletee redio mbili, amgawie nduguye mvuvi wa Lamu? Twaona maswali haya yanazigusa nyumba nyingi zenye watoto ughaibuni, basi twayajibu hapa.

Tuanze na sheria, kwani ndiyo mlango wa nyumba. Marekani ina huduma ya redio iitwayo GMRS, iliyotengewa familia, na inasimamiwa na tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC. Leseni yake haina mtihani. Ada yake ni dola 35 na hudumu miaka 10. Mwombaji sharti awe ametimiza miaka 18 na asiwe mwakilishi wa serikali ya kigeni. Uzuri wake ni kwamba leseni ya mtu mmoja huwafunika jamaa zake: mume au mke, watoto na wajukuu, wazazi, babu na bibi, ndugu, shangazi, ami na wajomba, wapwa, hata wakwe. Hivyo mama yetu siku akienda kuwazuru, aweza kuishika redio na kusema chini ya leseni ya mkwewe. Ila binamu hawamo katika orodha hiyo. Kwetu binamu ni ndugu, lakini kwa sheria ile sharti akate leseni yake mwenyewe.

Mwenye leseni hupewa alama ya mwito, herufi nne na tarakimu tatu. Alama hiyo hutajwa mwisho wa mazungumzo, na mazungumzo yakirefuka, kila baada ya dakika 15. Waweza kuzungumza Kiswahili chako upendavyo, lakini alama yenyewe sharti itajwe kwa Kiingereza au kwa mlio wa Morse. Matangazo ya biashara na muziki havina ruhusa, wala maneno ya siri yenye maana iliyofichwa. Basi mafumbo yetu ya leso tuyaache kabatini, na redioni tuseme waziwazi.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Dukani redio mbili hufanana kwa sura lakini si za kabila moja. Ya kwanza ni ya huduma iitwayo FRS, isiyohitaji leseni. Nguvu yake haizidi wati 2, antena yake haitolewi, na hairuhusiwi kupitia mtambo wa kurudia sauti. Ya pili ni ya GMRS. Ya mkononi mara nyingi huwa na wati 5, antena yake yaweza kubadilishwa kwa iliyo ndefu zaidi, na ikiwa ni ya aina ifaayo, huweza kuutumia mtambo. Kwa kuchezea watoto uani au kutopotezana sokoni, FRS yatosha. Kwa ndugu wawili waliotenganishwa na milima, haifai.

Mnunuzi asidanganyike na maandishi ya kwenye pakiti yanayoahidi maili 35. Masafa haya, ya megahezi 462 na 467, husafiri mfano wa mwanga wa taa: hayaupindi mlima wala hayapenyi ardhi. Watu wawili waliosimama uwanda mtupu, redio zikiwa usawa wa kifua, upeo wao ni kama kilomita 10. Ukiongeza miti, nyumba na vilima, yaweza kubaki kilomita 2 au 3. Kuongeza wati hakuondoi kilima. Kinachosaidia ni kimo. Kila baharia wa kwetu ajua kwamba aliyepanda mlingoti ndiye auonaye mwamba kwanza.

Mambo ya kutazama kabla ya kulipa ni haya. Kwanza, redio iwe imeidhinishwa na FCC kwa GMRS, kwani si kila iuzwayo kwa bei rahisi imeidhinishwa. Pili, iwe na chaneli za ripita, yaani za mtambo wa kurudia sauti. Tatu, iweze kupokea idhaa za hali ya hewa za NOAA, ambazo hutangaza maonyo ya tufani mchana na usiku. Nne, iweze kuhimili maji, na betri yake ichajiwe kwa waya wa kawaida wa simu, ili hata betri ya gari iweze kuijaza. Tano, bibi mzee na mtoto wa miaka minane waweze kuitumia bila kufundishwa mara mbili. Redio yenye vitufe arubaini huishia kuwa ya mtu mmoja nyumbani, naye huenda siku ya msiba hayupo.

Na tuondoe dhana moja. Redio nyingi huandikwa kwamba zina chaneli za faragha. Hakuna faragha. Hizo ni toni ndogo zinazoifanya redio yako isisikie wengine; wengine wakusikia vilevile. Basi mwanamke asitaje redioni kwamba yuko peke yake na watoto, wala asitaje mlango wa nyumba yake. Kusengenya ni haramu hata chumbani, sembuse hewani ambako mtaa mzima una masikio.

Tuje kwenye ripita. Ni redio iliyowekwa mahali pa juu, inayosikia sauti dhaifu kwa masafa mamoja na papo hapo kuirudia kwa nguvu kwa masafa mengine. Binti aliye bondeni hamsikii kaka yake aliye nyuma ya kilima, lakini wote wawili wauona mlingoti ulio juu, nao ndio huwasilisha sauti baina yao. Katika GMRS kuna jozi nane za masafa kwa kazi hii, na kila jozi imeachana kwa megahezi 5. Kwa mfano, redio ya mkononi hutuma kwa 467.600, na ripita hurudia kwa 462.600. Kikomo cha nguvu ni wati 50.

Mtambo rahisi wa nyumbani huwa na sehemu sita. Redio mbili za aina ya kufungwa garini, moja ya kusikia na moja ya kutuma, na ile ya kutuma sharti iwe imeidhinishwa kwa GMRS. Kisanduku kidogo cha kuziunganisha, ambacho huchukua sauti kutoka ya kwanza, hutambua kwamba mtu anasema, kisha huiamuru ya pili ianze kutuma. Dupleksa, chombo cha chuma kinachoziwezesha redio mbili kutumia antena moja. Antena yenyewe pamoja na waya wake mnene usiopoteza nguvu njiani. Na sehemu ya sita ni umeme wa volti 12 wenye betri ya akiba.

Dupleksa ndiyo watu huitaka kuikwepa kwa ubahili, na ndipo kazi huharibika. Fikiri mtu anayepiga ukelele huku ajaribu kusikia mnong'ono wa mwenziwe. Redio inayotuma huifanya jirani yake kuwa kiziwi. Dupleksa huzitenga sauti hizo, lakini sharti ipimwe na kurekebishwa kwa masafa hasa yatakayotumiwa, kazi inayotaka vifaa maalumu. Ni bora kumwagiza muuzaji airekebishe kabla ya kuituma. Wanaounganisha redio mbili za mkononi kwa kipande cha waya na kuziweka juu ya rafu moja hushangaa mbona mtambo wao hausikii hata nyumba ya pili. Sababu ndiyo hiyo.

Redio za gari hazikuumbwa kusema mfululizo. Iliyotengenezwa kwa wati 40 ipunguzwe hadi 10, iwekewe feni, na iwekewe kikomo cha muda ili mtu akikwama na kitufe isiungue. Wati 10 zilizo juu ya mlingoti zashinda wati 50 zilizo sebuleni. Antena ikiwa mita 16 kutoka ardhini, kwa hesabu ya uwanda mtupu humfikia mwenye redio ya mkononi umbali wa kilomita kama 20. Milimani hutegemea kilima chenyewe. Mlingoti usimamishwe mbali na nyaya za umeme, uunganishwe na ardhi, na waya wa antena uwekewe kizuizi cha radi. Katika hili hakuna mzaha: mtu hufa kwa mlingoti ulioangukia waya. Kazi ya paa apewe fundi.

Kabla ya yote hayo, mkwe wetu asikilize. Kwa siku kadhaa afuatilie chaneli anayoikusudia, asije akamkanyaga jirani aliyetangulia. Na huenda akagundua kwamba tayari iko ripita ya GMRS kilimani, ambayo mwenyewe huwaruhusu wengine wakimwomba. Wakati wa Helene, ripita ya redio za amatua iliyo Mlima Mitchell, kilele cha mita 2,037, ilikuwa tegemeo la watu wengi waliotafuta habari za jamaa zao. Huduma hiyo ya amatua hutaka mtihani kwa mwenye kusema, lakini kusikiliza ni kwa kila mtu. Kuomba nafasi kwa jirani ni nafuu kuliko kujenga, na ujirani nao hupata faida.

Sasa twarudi kwa mama yetu. Swali la kwanza: ndiyo, faida ipo, lakini iwekwe mahali pake. Redio hizi haziifikii Mombasa, wala hairuhusiwi kuziunganisha na mtandao wa simu. Kwa hiyo zisimamishwe pamoja na mpango. Ndugu wale wawili waafikiane saa, tuseme saa moja asubuhi na saa moja jioni, kila mmoja afungue redio kwa dakika kumi, ili betri zisiishe. Wachague jamaa mmoja anayekaa mji wa mbali, awe ndiye mjumbe wa familia. Yeyote kati yao atakayepata mtandao kwanza, hata kwa kupanda kilima, ampigie mjumbe huyo, naye ndiye aipigie Mombasa. Hivyo simu moja ya dakika moja huwa habari ya nyumba zote. Na wajaribu kila mwezi, kwani redio iliyolala droo mwaka mzima haitaamka siku ya mafuriko.

Swali la pili: mkwe aweza kujenga, akiwa na leseni na redio zilizoidhinishwa. Ila twamshauri aanze na redio nne za mkononi na antena moja nzuri juu ya paa la kila nyumba. Huenda maili saba zikafikika hivyo hivyo, na fedha ya ripita ikabaki kununua matangi ya maji na chakula cha akiba. Zisipofikika, hapo binti naye asiwe mgumu. Mtambo utakuwa haja, wala si mchezo.

Swali la tatu: la, mama, usiletewe. Leseni ya Marekani mwisho wake ni mipaka ya Marekani. Huku kwetu masafa husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na huduma ya GMRS haipo. Masafa yale yale huenda kwetu yamepewa watu wengine kwa kazi nyingine, na nduguyo aweza kujikuta na kesi na chombo kimetwaliwa. Mvuvi apaswa kuwa na redio ya baharini, ambayo meli na waokoaji huisikiliza kwenye chaneli 16, naye aiombee kibali kwa njia ya halali.

Siku nne za kutojua hazisahauliki, mama. Hatuwezi kukuahidi kwamba tufani haitarudi, kwani hilo liko kwa Mwenyezi Mungu. Lakini wanao waweza kuahidiana saa moja ya asubuhi. Mwandikie binti yako kwamba sisi tumesema asimkataze mumewe, ila wakae wote wawili waandike karatasi moja yenye chaneli, saa na jina la mjumbe, na nakala yake akutumie wewe. Iweke mahali utakapoiona.

Tahadhari kabla ya hatari. Tukutane juma lijalo, inshaallah.