WAZEE WETU SI MRADI



Ndugu yangu, soma mpaka mwisho hata kama utakereka.

Katika Surat Al-Israa aya ya 23, Allah ametuamrisha tusimuabudu ila Yeye, na hapo hapo akaamrisha wema kwa wazazi, hasa wanapofikia uzee wakiwa kwetu. Kwetu, si kwa mfadhili.

Leo jumuiya nyingi zinazohudumia wazee hapa Zanzibar zinaishi kwa kuandika maombi. Mfadhili akikubali, pesa zinakuja na masharti: kiasi hiki semina, kiasi hiki ripoti, muda miaka miwili. Mzee wa presha anataka dawa kila siku mpaka siku yake ifike. Mradi unakwisha, presha haikwishi.

Na mmeona ya mwaka 2025. Januari Rais wa Marekani alitia saini amri moja, misaada ya nje ikasimamishwa. Julai USAID ikafungwa. Sisemi misaada ni haramu, na anayetoa tumshukuru. Nasema anayeshika bomba ndiye anayeamua lini unywe.

Utaniambia, "Sheikh, mbona serikali inatoa pencheni jamii?" Kweli, na ni jambo jema. Ilianza Aprili 2016 kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikaongezwa. Lakini pencheni haimkoshi mzee aliyelala kitandani, haimbadilishi nepi, haimshiki mkono kumpeleka hospitali. Hiyo ni kazi ya watu, na watu hao wanataka nauli na ujira.

Pesa hatuna? Wallahi tunazo. Tunabadilisha mazulia ya msikiti na ya zamani bado mazima. Tunachanga mamilioni kwa harusi ya usiku mmoja. Ikifika zamu ya mzee wa nyumba ya tatu, tunampelekea futari mara moja kwa mwaka, na picha tunapiga.

Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar alimuuliza Mtume (s.a.w.) aifanyeje. Akaelekezwa aizuie asili yake na matunda yake ayatoe sadaka: isiuzwe, isirithiwe, wale masikini na jamaa na wageni. Wamepokea Bukhari na Muslim. Huo ndio wakfu. Hauna tarehe ya kufungwa. Na ni Umar huyo huyo, kama alivyopokea Abu Yusuf, aliyemkuta mzee wa Kiyahudi akiombaomba, akaamrisha apewe kutoka Baytul Mal. Basi usiniulize mzee gani anastahiki.

Tufanye nini? Shehia moja, duka moja la wakfu. Kodi ya kila mwezi iwe dawa, nepi na ujira wa anayewahudumia. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo, mkasajili. Na Zaka zenu, mzee fakiri yumo katika mafungu manane ya Surat At-Tawba aya ya 60.

Na nyinyi viongozi wa jumuiya: hisabu zibandikwe mlangoni kila mwezi, kila mtu asome. Anayekula pesa ya mzee asijifiche nyuma ya kanzu.

Ukijaaliwa umri, na wewe utazeeka. Kitanda unachokitandika leo ndicho utakacholalia.

Ya Allah, warehemu wazee wetu walio hai na waliotangulia, na utujaalie mikono inayotoa bila kungoja kuombwa. Amin.

Mfikishie na mwenzako.