AJALI YA NTA INA KINGA

Watu husema, "Ajali haina kinga." Msemo huu mimi siukubali wote. Ziko ajali zenye kinga. Kuungua kwa nta ya mishumaa ni mojawapo, na kinga yake ni sufuria ya pili.

Nta ninayoisema ni ile nyeupe itokanayo na mafuta ya petroli. Vikundi vya kina mama na vijana huinunua ili watengeneze mishumaa au vitambaa vya batiki. Kazi hiyo ni nzuri. Huleta fedha za chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Lakini wengine huyeyusha nta kwa sufuria moja tu, juu ya mafiga, kama mtu apikaye maharage. Hapo ndipo hatari ilipo.

Nta si kama maji. Maji yakifika nyuzi 100 hivi huchemka, na joto lake haliendelei kupanda. Nta huyeyuka mapema, kwenye nyuzi 50 hadi 65 hivi. Ukiiacha motoni, joto lake huzidi kupanda. Haitokoti ili kukuonya. Ikipita nyuzi 200 hivi, mvuke wake unaweza kushika moto. Hapo sufuria nzima huwaka.

Mtu akiona moto hukimbilia maji. Ndugu msomaji, usimwagie maji nta inayowaka! Maji ni mazito kuliko nta. Huzama chini, na humo hugeuka mvuke mara moja. Mvuke huo hutaka nafasi kubwa kuliko maji, zaidi ya mara 1,000. Basi huirusha nta yenye moto juu: usoni, mikononi, na kwenye paa la nyasi.

Sasa tuangalie kinga. Chukua sufuria kubwa. Tia maji kiasi. Weka vijiwe vitatu bapa chini yake. Juu ya vijiwe weka sufuria ndogo au kopo safi lililo kavu. Tia nta ndani ya hilo kopo, ikiwa imekatwa vipande vidogo. Moto utachemsha maji, na maji yatayeyusha nta. Kwa kuwa maji hayazidi nyuzi 100, nta nayo haitazidi hapo. Haiwezi kufika kwenye joto la kujiwasha. Lakini maji yakikauka, kinga imekwisha. Yaangalie, na uyaongeze polepole kabla hayajaisha. Yasiingie ndani ya nta.

Najua wengine watasema, "Njia hii inachelewesha na inamaliza kuni." Ni kweli, inachelewesha kidogo. Lakini hesabu vizuri. Mama akiungua mkono, hatalima wala kuchota maji kwa wiki nyingi. Kidonda kikubwa kinaweza kukunja vidole, visinyooke tena. Je, kuni za siku moja ni ghali kuliko mkono?

Wengine watasema, "Tumefanya hivi miaka mingi, hatujaungua." Hata mtu anayelala bila chandarua huamka mzima siku nyingi. Siku mbu mwenye malaria anapomwuma, zile siku nyingi hazimsaidii.

Mwaka 1973 hapa Tanzania palikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya". Wazee wetu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakachimba vyoo. Walijifunza kwamba ugonjwa una chanzo, na chanzo kinaweza kuondolewa. Na kuungua ni hivyo hivyo. Tusiseme ni bahati mbaya wakati chanzo tunakijua.

Kwa hiyo naona kila kikundi kiweke kanuni hizi, na mwenyekiti azisimamie:

1. Nta isiyeyushwe bila sufuria ya maji.
2. Mtu mmoja akae karibu na nta mpaka iepuliwe. Asiondoke hata kidogo.
3. Watoto wasifike karibu na jiko. Mtu mwenye kifafa apewe kazi nyingine, kama kukata tambi.
4. Mafuta ya taa yasichanganywe na nta.
5. Mfuniko na ndoo ya mchanga mkavu viwe karibu.

Nta ikishika moto, funika sufuria kwa mfuniko na uondoe kuni ikiwezekana. Usiibebe sufuria hiyo. Iache ipoe. Ikiwa imemwagika chini, mwagia mchanga. Nguo ya mtu ikishika moto, asikimbie. Alale chini na abingirike, au afunikwe kwa blanketi zito.

Mtu akiungua, mwagia maji safi ya baridi mahali palipoungua kwa dakika 20. Hapa maji ndiyo dawa. Vua pete na bangili mapema, kabla hapajavimba. Usibandue kwa nguvu nta iliyoganda kwenye ngozi. Usipasue malengelenge. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala majivu. Funika kwa kitambaa safi, kisha mpeleke zahanati. Usingoje kesho ikiwa aliyeungua ni mtoto, au ameungua uso, mikono, miguu au sehemu za siri, au kidonda ni kikubwa kuliko kiganja chake. Huko ataangaliwa pia kama anahitaji sindano ya kuzuia pepopunda.

Mimi ni kijana, na wengi wenu mnaosoma hapa ni sawa na wazazi wangu. Sina nia ya kuwafundisha kazi yenu. Lakini sisi wa zahanati ndio tunaofunga vidonda, na tunajua kwamba dawa hairudishi ngozi iliyokwisha.

Vikundi vikipata faida, hufikiria kwanza kununua kalibu nyingine ili mishumaa iongezeke. Naomba mbadili utaratibu huo. Fedha za kwanza zinunue sufuria ya pili. Kalibu itafuata. Mishumaa inatengenezwa kwa mikono, na mkono hauuzwi dukani.