Huo Mradi wa CBC Umefanywa na Nani?

Cheki nganya mpya ikitoka gereji. Kuna msee aliyechomelea bodi, mwingine akapanga nyaya za taa na spika, mwingine akaichora hadi wewe ukaacha matatu mbili zipite ukiisubiri. Hapo sanaa na sayansi zimepanda gari moja.

Hilo ndilo wazo ambalo CBC, iliyoanza nchini kote 2019, ilitaka kuleta darasani: mtoto ashike, apime, achore, aunde. Wazo ni poa. Shida inaanza usiku. Pita kwa saiba saa mbili uone wazazi wakichapisha picha na kuulizia manila. Asubuhi mtoto anabeba mradi ambao hajaugusa. Na yule ambaye kwao hakuna pesa anaenda mikono mitupu.

Si lazima iwe hivyo. Chukua vifuniko vinne vya soda, waya na kamba. Mtoto azungushe kamba kwenye kifuniko, ainyooshe, aone inazidi kidogo mara tatu ya upana wake. Hiyo ni hesabu. Gari likikataa kwenda sawa, atafute sababu. Hiyo ni sayansi. Kisha alipake rangi na alipe jina, kama nganya yake.

Kwa hivyo ukiwa na mdogo wako nyumbani, usimfanyie kazi. Kaa kando, mpe waya. Na mzazi akienda mkutano wa shule, mwambie aulize: mbona hizi kazi zisifanyiwe darasani? Gari likitoka limepinda, sawa tu. Angalau ni lake.