Picha za Mahafali Si Ushahidi

Wasee, wiki jana dadangu alinipigia simu akiwa karibu kulia. Mtoto wake wa miaka minne alifanyiwa intavyuu ya kuingia PP1, akashindwa kuandika jina lake, akaambiwa amechelewa. Amechelewa wapi jamani? Miaka minne!

Nikamsindikiza huko shuleni. Nilikuwa na swali moja tu: hii programu mpya mnayoitoza pesa hivi, mnajuaje inafanya kazi? Mwalimu mkuu akatoa picha za mahafali, watoto na majoho na kofia. Akatoa tableti. Akasema wazazi wanaipenda. Sawa, hata smokie za stegi tunazipenda.

Ushahidi unatafutwa hivi: unachukua shule nyingi, unapiga kura zipi zipate programu na zipi zisubiri, halafu unapima watoto wa pande zote mbili. Na usiniambie hiyo ni ya wazungu. Mradi wa Tayari ulijaribiwa hapa hapa, Nairobi, Siaya, Laikipia na Uasin Gishu. Walilinganisha hadi vipande vyake: mafunzo ya walimu, vitabu, huduma za afya.

Na tusidanganyane eti chekechea yoyote ni afadhali kuliko kukaa nyumbani. Jimbo la Tennessee, Marekani, waombaji wa chekechea za serikali walizidi nafasi, ikabidi bahati nasibu. Mwanzoni waliopata nafasi walikuwa mbele. Watafiti hawakuenda nyumbani, wakaendelea kuwafuata. Kufika darasa la sita, haohao walikuwa nyuma ya wenzao kwa mitihani, na kesi za nidhamu zilikuwa nyingi zaidi. Kama hesabu ingeishia siku ya mahafali, si wangepiga tu makofi?

Tangu katiba ya 2010, chekechea ni kazi ya kaunti. Kwa hivyo gavana akija kukata utepe, msimuulize tu rangi ya madarasa. Muulizeni hii programu ilijaribiwa wapi, ikalinganishwa na nani, na baada ya miaka mitatu hao watoto walikuwa wanasoma ama wanabahatisha. Akisema utafiti ni ghali, mkumbusheni bei ya hizo tableti zilizofungiwa kabatini.

Mtoto wa dadangu tumempeleka kwingine. Hakuna tableti. Mwalimu ana daftari la kila mtoto: Januari alijua nini, sasa anajua nini. Si utafiti, najua. Lakini nilipouliza swali langu, alifungua daftari. Hakutoa picha.