Nuru Jukwaani

Wako watu wasemao kuwa taa jukwaani ina kazi moja tu, nayo ni kuwawezesha watazamaji kuona. Kwa rai yao, fundi wa umeme akiisha kubonyeza swichi, kazi imekwisha. Rai hii imewapotosha wengi, nayo yastahili kupingwa.

Itazame kamabeka, ngoma ya Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia. Uzuri wake u katika mabega. Ichezwapo usiku kando ya moto, mwanga humjia mchezaji ubavuni: upande mmoja wa bega hung'aa, wa pili huwa kivuli, na kila mtikiso huonekana. Ihamishe sasa katika ukumbi wa shule mjini Kitale, chini ya taa ndefu za darini zilizowashwa zote. Mwanga umeenea sawasawa, vivuli vimefifia, na mabega yamekuwa bapa kama picha ukutani. Mchezaji ni yule yule na ngoma ni ile ile, lakini nusu ya usemi wake imenyamazishwa. Je, aliyeinyamazisha ni nani kama si taa?

Mabingwa wa sanaa walilitambua jambo hili zamani. Adolphe Appia wa Uswisi, aliyefariki mwaka 1928, alitofautisha nuru ya kuonea tu na nuru ya kuumba sura. Jean Rosenthal wa Marekani, aliyeishi kati ya 1912 na 1969, alimulika michezo ya Martha Graham, akawajengea wacheza dansi nuru itokayo pembeni.

Labda utasema, "Shule yetu haina mitambo." Udhuru huo ni dhaifu. Zima taa za darini. Weka taa mbili pembeni, kimo cha bega, mbali na mapazia zisije zikayaunguza. Pale usipotaka jicho liende, acha giza.

Wengine huhofu kuwa nuru itamfunika mchezaji. Kweli, taa za rangi zimemetazo ovyo huharibu mchezo. Lakini chumvi ikizidi mchuzini, mpishi mwenye busara hupunguza chumvi. Haapi kupika chapwa maisha yake yote.

Basi, kijana msomaji, mtakapotayarisha mchezo wenu, msimpe taa yule aliyekosa nafasi ya kuigiza. Mpeni mwenye jicho na akili, naye ahudhurie mazoezi tangu siku ya kwanza, kwa maana yeye pia ni mchezaji.