Mashine ya kuchuja chumvi si ya kumwagilia mchicha

Mwenye bustani ya mboga Boko au Mbagala ambaye kisima chake kina chumvi anaijua kero hiyo. Maji yapo, lakini majani yanaungua pembeni na udongo unaota weupe. Ndiyo maana muuzaji wa mashine za kuchuja maji akipita mtaani husikilizwa. Ndugu mkulima, kabla ya kukopa Saccos, tupige hesabu.

Kwanza tuelewe mashine hiyo inafanya nini. Seli za mimea, wanyama na binadamu zina vijia vidogo mno vinavyopitisha maji, molekuli moja moja kama watu kwenye foleni, na kuizuia chumvi. Mmarekani Peter Agre alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003 kwa kuvigundua. Upana wake haufiki hata nusu ya nanomita, na nanomita ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni. Watafiti wameviiga, na kampuni ya Aquaporin ya Denmark imetengeneza utando wa kuchujia wenye vijia vya aina hiyo.

Hapa kwetu, Dk. Askwar Hilonga wa Arusha alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio la mchanga na chembe za nano. Lakini tusichanganye mambo. Kunasa floridi na vijidudu ni kazi moja, kutoa chumvi ni nyingine. Chumvi haitoki kwa mchanga wala kwa kuchemsha. Inataka utando, pampu na umeme, na sehemu ya maji hubaki na chumvi kali zaidi.

Sasa hesabu yenyewe. Bustani ya mita za mraba 100, siku ya jua kali, hutaka kama lita 500, yaani madumu 25. Familia ya watu watano hunywa lita 10 hadi 15, chini ya dumu moja. Maji ya bustani hiyo moja yangetosha kunywesha familia zaidi ya 30. Je, fungu la mchicha litarudisha gharama hiyo? Kwa maoni yangu, halitarudisha.

Mkulima apime chumvi ya kisima chake, akinge maji ya mvua ayachanganye na ya kisima, na apande spinachi, inayovumilia chumvi kuliko maharage.

Mashine waachiwe wauza maji, tena wanunue kwa kikundi. Wamuulize muuzaji maswali matatu: lita moja itagharimu kiasi gani ukijumlisha umeme na utando wa kubadilisha? Maji mangapi yatamwagwa? Yatamwagwa wapi? Yakimwagwa kando ya kisima, chumvi itarudi kisimani. Na kabla ya kuuza dumu la kwanza, maji yapimwe maabara.

Teknolojia ni nzuri, lakini mkopo haujali uzuri wake. Marejesho hudaiwa kila mwezi.